Miti ya Mwanza: vilimani kwanza, barabarani baadaye

Kila halmashauri nchini imeagizwa kupanda miti 1,500,000 kwa mwaka. Kwa sensa ya 2022, Nyamagana na Ilemela, wilaya zinazounda Mwanza mjini, zina zaidi ya watu 1,100,000, na wengi wamejenga juu ya mawe, kuanzia Igogo hadi Isamilo na Mabatini. Kwamba jiji linahitaji miti hakuna anayebisha. Ubishi ni ipandwe wapi, na nani aitunze.

Hoja kubwa ya wanaotaka ipandwe vilimani ni maji. Mvua ikinyesha juu ya mlima uliokwanguliwa miti, maji hayana pa kuzama. Yanateremka na mchanga, chupa za plastiki na vinyesi vya vyoo vya shimo hadi Mto Mirongo, unaopita katikati ya jiji kuingia ziwani. Watu wa Mabatini hawahitaji kuelezwa. Wao ndio wanaotoa magodoro nje maji yakishapita. Wapo wanaosema dawa ni mitaro mikubwa zaidi. Mitaro inahitajika, lakini ikiwa peke yake inayafikisha maji ziwani haraka zaidi, pamoja na udongo na rutuba inayonenepesha magugumaji. Mizizi inaushika udongo huo palepale ulipo, kwenye nyufa za miamba.

Upande wa pili nao una hoja nzito, na wapangaji wa mji huzipita juu juu. Kiwanja cha mlimani kinaweza kutosha vyumba vitatu na choo tu. Mwembe utakaa wapi? Udongo juu ya jabali ni mwembamba, kwa hiyo mti mkubwa ukipigwa na upepo hung'oka na kulalia bati la jirani. Mizizi ya mkuyu hupasua msingi na bomba. Ufukweni nako kuna la kusema. Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka kwenye maji, na kuna wanaotaka ukanda wote huo uwe msitu. Lakini mialo ya wavuvi ya Igombe na Kayenze inaishi kwa dagaa, na dagaa huanikwa juani. Ukiwawekea akina mama wanaoanika kivuli cha mfululizo, umewafungia kazi. Waachiwe mialo yao wazi, na kwingine mafunjo na matete yarudi, maana hayo ndiyo yanayochuja maji.

Kwa maoni yangu, milima ipewe kipaumbele kuliko miashoki ya kupendezesha barabara za katikati ya mji, ila kwa mimea inayolingana na mahali. Kwenye kingo za makorongo yafaa mabingobingo: yanashika udongo, na mwenye ng'ombe atayanunua. Uani ipandwe mipera, mistafeli na milimao, kwa sababu mti unaomlisha mtu hataukata kirahisi. Mikaratusi hukua upesi kweli, lakini inakunywa maji mengi mno kuiweka karibu na chemchemi.

Halafu kuna suala la kalenda. Siku ya Kitaifa ya Upandaji Miti ni 1 Aprili. Kwa Mwanza, mche uliopandwa siku hiyo unapata mvua hadi Mei, kisha kiangazi cha Juni hadi Agosti kinaukuta bado mchanga. Uzio wa fito unaanguka, mbuzi anamalizia majani, na kinachobaki ni kijiti ndani ya shimo kavu. Kwenye ripoti, kijiti hicho bado ni mti. Ukipandwa mvua za vuli zikishakolea, Novemba, utakuwa na miezi mingi ya kuota kabla ya jua kali.

Ndiyo maana hesabu ya upandaji haitoshi. Halmashauri tayari hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kuvikopesha vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Vikundi hivyo vikope kwa ajili ya vitalu, halafu halmashauri iingie nao mkataba wa utunzaji na kuwalipa kwa kila mti utakaokutwa hai baada ya kiangazi cha pili.