Ukinyanyua gari, umenyanyua na taa

Jumamosi usiku nilikuwa naelekea Tanga. Nimeshapita Mkata, giza totoro, likatokea gari dogo mbele yangu, mwanga wote usoni kwangu. Nikamwashia fulu mara moja ajue ananiumiza. Naye akaniwashia fulu yake, kunionyesha kwamba ile ya mwanzo ilikuwa dimu.

Kwa sekunde mbili tatu sikuona kitu. Tulipopishana ndipo nikamwona, pembezoni kabisa mwa lami, mtu anakokota baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa. Kioo changu cha kushoto kilimkosa kwa urefu wa mkono. Nilisimama mbele kidogo, miguu inatetemeka. Yeye alipita akiendelea kukokota.

Yule dereva hakudanganya, alikuwa kwenye dimu kweli. Basi lililokuwa nyuma yangu lilimmulika alipokuwa ubavuni mwangu: Toyota IST, pua juu, mkia chini. Amefunga spesa, vile vipande vinavyowekwa kwenye springi kunyanyua gari, mbele tu.

Jamani, tupige hesabu. Taa ya dimu kwa kawaida hupangwa iteremke sentimita 1 kwa kila mita 1. Simama mita 10 kutoka ukutani, mstari wa mwanga uwe sentimita 10 chini ya kimo cha taa yenyewe. Sasa IST, kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, ni karibu mita 2.5. Ukifunga spesa ya inchi moja mbele tu, yaani sentimita 2.5, gari zima limelalia nyuma sentimita 1 kwa kila mita. Mteremko wote wa taa umekwisha! Pakia watu watatu kiti cha nyuma na mizigo kwenye buti, mwanga unaanza kupanda. Funga inchi mbili, kama wengi wanavyofanya, na hata gari likiwa tupu, kwenye mita 50 mwanga umeshapanda nusu mita juu ya taa. Hapo ndipo yalipo macho ya mwenzako anayekuja.

Ukinyanyua mbele na nyuma kwa kiasi kilekile, mwelekeo haubadiliki. Lakini nani anafanya hivyo? Kinachokwaruza ni bampa la mbele, basi spesa zinakwenda mbele, fundi anashusha jeki, anapokea hela, gari linaondoka.

Najua mtakachosema. Barabara zetu zina matuta yanayopasua sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, na mvua ikinyesha mtaa unageuka korongo. Ni kweli, siwezi kubisha, maana langu pia nililinyanyua miaka miwili iliyopita kwa sababu hizohizo. Hasara nyingine mnazijua: raba za shafti kuchanika kwa sababu pembe imekuwa kali, tairi kuliwa upande mmoja kwa kukosa alaimenti. Wenye pikapu mkague valvu ya breki za nyuma, ile inayosoma kimo cha chesisi. Ukiongeza majani ya springi inadhani gari halina mzigo, inapunguza nguvu ya breki. Ila hayo yanamrudia mwenye gari na aliowapakia. Taa inamuumiza mtu wa mkaa ambaye hata hajui spesa ni nini.

Nilipofika kwa shemeji Tanga sikulala. Nililisogeza gari langu mbele ya ukuta wa uani, nikapima mita 10 kwa hatua, nikawasha dimu. Mstari wa mwanga ulikuwa kimo kilekile cha taa. Miaka miwili nimewapofusha watu barabara nzima.

Asubuhi nikatafuta bisibisi. Skrubu ipo nyuma ya taa, ukiizungusha mwanga unashuka taratibu. Nilihitaji dakika kumi kwa taa zote mbili. Dakika kumi!

Jumanne nikarudi kwa fundi aliyenifungia. Hatukugombana. Aliniambia, "Kaka, tangu nianze kazi hii hakuna mteja aliyeniuliza habari za taa." Tukapima mita 10 kwa futi kamba kutoka ukuta wa gereji, akachora mistari kwa chaki. Gari la kwanza kusimama mbele yake lilikuwa langu, turekebishe vizuri zaidi. La pili lilikuwa la kijana aliyekuja kuongeza spesa.