Stringi za urefu tofauti: tuzijazie nafasi au tuzifungie visandukuni?

Kenneth Iverson aliijenga APL, lugha ya programu, juu ya safu (array) iliyonyooka pande zote: kila mstari una urefu sawa na mwenzake. Kwa namba, mpango huo ni raha tupu. Kwa stringi, yaani maneno au mfuatano wowote wa herufi, shida inaanza mara moja, maana "simba" ina herufi 5 na "kiboko" ina 6.

Njia ya zamani ni kuijazia "simba" nafasi tupu mwishoni ili orodha iwe matriksi, yaani jedwali lenye mistari ya urefu mmoja. Faida yake si ndogo: unalinganisha, unapanga au unachomoa herufi za kwanza zote kwa operesheni moja, bila kitanzi (loop) cha kupitia neno moja moja. Kwa misimbo ya urefu maalumu, kama ile ya herufi 3 ya sarafu, sioni haja ya njia nyingine.

Majina ya watu ni habari nyingine. Katika NumPy, maktaba ya Python, safu yenye "simba" na "tembo" hupewa upana wa herufi 5. Weka "kiboko" mahali pa "simba", kisha isome: utakuta "kibok". Hakuna kosa linaloripotiwa wala onyo. Programu inaendelea na data iliyokatwa, na hilo kwangu ni baya kuliko programu kukwama. Kumbukumbu nayo inaliwa: kila herufi huchukua baiti 4, hivyo jina moja la herufi 1,000 katika orodha ya majina 1,000,000 huifanya safu nzima ihitaji baiti bilioni 4.

J, lugha ya programu iliyotokana na APL, hutumia visanduku: kila stringi hufungwa ikahesabika kama kitu kimoja. Usahihi unarudi, na msimbo wa programu unasomeka vizuri. Ila kila operesheni sasa inafungua kisanduku kimoja kimoja, na kasi iliyotuvuta kwenye lugha hizi inapungua. Kwa orodha fupi hilo halina uzito.

Kwa data kubwa naegemea mpango unaotumiwa na Apache Arrow, mfumo wa kupanga data kwenye kumbukumbu ya kompyuta: herufi zote mfululizo, "simbakiboko", pamoja na safu ya namba 0, 5, 11 inayoonyesha mipaka. Toa kila namba kutoka kwa ile inayoifuata, unapata urefu: 5 na 6. Hakuna kilichojazwa wala kukatwa. Ubaya wake ni kwamba ukirefusha neno la katikati, yote yaliyo mbele yake lazima yasogezwe, kwa hiyo unafaa data inayosomwa sana na kubadilishwa kwa nadra.

NumPy 2.0 ya mwaka 2024 imeleta aina ya stringi yenye urefu unaobadilika, lakini lazima uitaje mwenyewe. Usipoitaja, bado unapewa upana ule ule uliofungwa.