Punda wa Serikali Mbili

Jamani, hapa Amu, yaani Lamu, ukikosa punda umekosa miguu. Gari haliingii vichochoroni, mifuko ya saruji haijui kutembea, na mgongo wangu ulishastaafu bila pensheni. Basi juzi punda wangu kazurura hadi pwani, kakamatwa, kafungwa. Kosa lake? Kutembea bila mwenyewe. Mimi natembea bila mwenyewe mwaka wa 60 huu na sijaguswa.

Nikaenda ofisi ya kwanza, ya kaunti, serikali ya hapa kwetu. "Mzee, punda ni wetu, lakini hapo alipokamatwa si petu." Ofisi ya pili, ya serikali ya taifa: "Hapo ni petu, ila punda si wetu." Nami nimesimama katikati, namsikia analia kule, bado kidogo niitikie.

Nikamvuta mpwa wangu anayesomea sheria, nikamkalisha barazani na kahawa chungu. "Hebu isome hiyo Katiba ya Kenya ya 2010 iliyozigawia kazi serikali hizi mbili. Punda wangu yumo?"

Yumo! Jedwali la Nne, kazi za kaunti: kudhibiti wanyama na ustawi wao, leseni za mbwa, mahali pa kuwaweka, kuwatunza na kuwazika. Kuwazika, bwana! Mbwa katajwa kwa jina, punda aliyeubeba mji huu mawe kwa mawe kaingizwa kwenye "wanyama". Na makaburi yetu sisi watu yamo orodha hiyohiyo. Kwa hiyo mimi na punda tugombane tugombanavyo, mwisho wetu kaunti moja.

"Na samaki?" Kaunti imepewa kilimo, na ndani yake uvuvi. Geuza ukurasa, orodha ya taifa, chini ya mazingira: uvuvi tena! Vivuko na bandari ni vya kaunti, lakini safari yenyewe ya baharini ni ya taifa. Sasa samaki changu aliyenasa wavuni mwangu ni raia wa nani?

Ukuta wa nyumba yangu usiseme. Mji wetu wa Kale ni urithi wa dunia tangu 2001, UNESCO imeuandika. Mipango ya ujenzi ni kaunti, majengo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa ni taifa. Ukuta unawasubiri wote wawili huku umemwegemea jirani, na jirani hana Jedwali, ana mdomo.

"Sasa sheria mbili zikigongana, Mjomba," kijana akaanza kukohoa kama hakimu, "kuna Kifungu cha 191." Kumbe si kila mara Nairobi hushinda. Sheria ya Bunge hushinda ikiwa inatumika sawasawa nchi nzima na jambo lenyewe kaunti mojamoja haziliwezi, au ikiwa inaizuia kaunti isidhuru uchumi, afya au usalama wa Kenya. Ikikosa hayo na mengine yaliyoandikwa humo, ya kaunti ndiyo hushinda.

"Punda wangu kadhuru uchumi wa Kenya?"

"Alikula nini?"

"Maganda ya embe."

Na sheria iliyoshindwa haifi, yalala tu pale zilipogongana. Hilo nililielewa bila mwalimu, ndivyo ninavyoishi na Bi Mkubwa.

Nikadhani tumemaliza. Kumbe kuna kijistari kimejificha mwisho wa Kifungu cha 186: ili kuondoa shaka, Bunge laweza kuitungia Jamhuri sheria juu ya jambo lolote. Lolote! Wewe umepewa ufunguo, mwenyewe kabaki na mlango. Shaka yao ndiyo imeondoka, yangu ndiyo kwanza inatandika mkeka.

Mpwa akanituliza: mswada unaohusu kaunti lazima upite Seneti, baraza la Bunge linalozitetea kaunti, na Maspika wawili, wa Seneti na wa Bunge la Taifa, wakubaliane kwanza kama unazihusu. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ilizibatilisha sheria 23 zilizopitishwa bila Seneti. Ishirini na tatu! Watu wenye viti vya ngozi na viyoyozi wameambiwa wamekosea njia mara 23, wamelala kwao. Punda wangu kakosea mara moja, kafungwa kamba.

Jioni narudi nyumbani, nimkute nani mlangoni? Punda! Kaitafuna kamba, kaja zake, hakungoja kifungu wala Spika. Sijamaliza kumbusu, kijana wa ofisi huyo, anahema: natakiwa kesho nikailipe ile kamba.

"Kamba ya kaunti au ya taifa?"

Kakuna kichwa, kasema ataenda kuuliza.