Mgeni wa mkono mmoja na mji unaojifichua wenyewe

Bad Day at Black Rock, filamu ya John Sturges ya mwaka 1955, ina dakika 81 tu. Treni ambayo haijasimama Black Rock, kimji cha jangwani Marekani, kwa miaka minne inasimama, na Macreedy (Spencer Tracy) anashuka na suti yake, mkono mmoja hautoki mfukoni. Ni 1945, vita vimekwisha juzijuzi.

Wanaoiga hadithi ya namna hii hukosea pale wanapomfanya mgeni mpelelezi. Macreedy anachotaka ni chumba, na usafiri wa kwenda Adobe Flat kumwona mkulima aitwaye Komoko. Basi. Karani wa hoteli anadai hakuna chumba. Macreedy anajichukulia ufunguo. Akirudi chumbani anakuta jamaa kajilaza kitandani kwake, makusudi, kumchokoza. Wenyeji wana siri ya kuficha; wangemkarimu na kumdanganya kwa upole, angepanda treni kesho yake bila kujua lolote, maana alipanga kukaa saa 24. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; hawa hata ya kwanza imewashinda, na kila hila yao inakuwa ushahidi.

Kamera nayo inafanya kazi hiyohiyo. Picha ya CinemaScope ina upana unaozidi kimo chake mara mbili na nusu, na Sturges hautumii kwa milima tu. Anawatawanya wanaume kadhaa ndani ya fremu moja, kila mtu na nafasi yake, mgeni kabaki pembeni. Ukiitazama katika nakala iliyokatwa pande mbili ili ijae televisheni ya zamani, mpangilio wote huo umekwenda.

Siri yenyewe imesukwa vizuri. Reno Smith, mbabe wa mji, alimkodisha Komoko, Mjapani, shamba alilodhani ni kavu. Komoko akachimba kisima, akapata maji. Siku moja baada ya Japani kuishambulia Pearl Harbor, kambi ya wanamaji wa Marekani, Desemba 1941, Smith akakataliwa jeshini, akalewa, akamuua. Uzalendo ulimpa kisingizio tu. Kinyongo cha maji kilikuwepo tangu awali. Na uongo anaomwambia Macreedy, kwamba Komoko alipelekwa kambini, unaaminika kwa sababu kuanzia 1942 serikali ya Marekani iliwafungia kambini watu zaidi ya 100,000 wenye asili ya Japani.

Sehemu ya mwisho, yenye bunduki na chupa ya petroli, ni ya kawaida. Kinachonikera ni medali. Joe, mwana wa Komoko, alikufa vitani Italia akimwokoa Macreedy, na medali yake ndiyo iliyomleta mgeni huyu. Doc Velie, daktari wa mifugo ambaye pia ndiye mzikaji, anaomba ibaki mjini, naye anapewa. Baba na mwana hatuwaoni hata mara moja katika filamu nzima, kisha kumbukumbu yao wanaachiwa majirani waliojua kaburi lilipo wakanyamaza miaka minne. Mimi nisingewapa.