"Nimechoka" ya mwanamke wa Tanga si deko

Mabinti wa Tanga mjini wameanza kusema wazi kwamba wamechoka kuitwa majasiri. Wanasema WhatsApp, wanasema kwenye vikao vya vikoba, hata uani kwenye shughuli wakiwa wanachambua mchele wa pilau. Maneno mengi wameyapata kwa wanawake weusi wa Marekani, ambao kwa miaka sasa wanalalamika kwamba sifa ya mwanamke mweusi mwenye nguvu, asiyelia wala kuomba msaada, inawamaliza taratibu. Wakubwa wanawajibu kwa mkato: hayo ni ya Marekani. Kule kuna ubaguzi wa rangi, huku sote weusi, na mwanamke ni kustahamili.

Wakubwa wana hoja. Mwanamke mweusi wa Marekani anabeba mzigo ambao mwenzake wa Ngamiani, hapa Tanga mjini, haujui, wa kumwambia daktari kwamba anaumwa na asiaminiwe. Mwaka 2021, katika kila vizazi hai 100,000 vya Marekani, wanawake weusi 69.9 walipoteza maisha kwa sababu za uzazi. Kwa weupe ilikuwa 26.6. Pengo hilo lina historia yake, na kulibeba zimazima mpaka Makorora ni kuwakosea wanaoishi nalo. Tena Tanga mtu haumwi peke yake. Akifiwa, majamvi na sufuria za majirani vinafika kabla maiti haijatoka. Ana somo wake wa kumshauri, ana mchezo wake wa upatu. Ukimwambia akamlipe mshauri wa kisaikolojia, mtu mgeni kwake, amsikilize kwa saa moja, ana haki ya kukushangaa.

Hapo nawapa haki yao. Ila wanaposema kuchoka kwenyewe ni jambo la kuiga, wananipoteza.

Mtafiti mmoja wa Marekani, Arline Geronimus, aliandika mwaka 1992 kuhusu watoto wachanga. Kwa weupe, mtoto wa mama aliyevuka miaka 20 alikuwa na nafasi nzuri zaidi ya kuishi kuliko mtoto wa binti wa chini ya hapo. Kwa weusi mambo yaligeuka: kadiri mama alivyosogea kutoka ubinti kwenda utu uzima, hali ya mtoto ilizidi kuwa mbaya. Umri ambao mwanamke alipaswa kuwa na nguvu zake zote ulimkuta mwili umeshaanza kuchakaa. Mwaka 2006 yeye na wenzake wakatoa matokeo mengine, ya vipimo vya presha, sukari, mafuta ya damu na dalili nyingine za mwili uliokaa na msongo muda mrefu. Kwa wastani mtu mweusi alionekana kama mweupe aliyemzidi miaka 10 hivi. Utasema ni umaskini. Kundi lililoongoza kwa miili iliyochoka lilikuwa wanawake weusi maskini, sawa. Lakini lililofuata lilikuwa wanawake weusi wasio maskini. Kazi nzuri na nyumba nzuri havikuwaokoa.

Maelezo ya Geronimus yana pande mbili. Upande mmoja ni ubaguzi, na huo ni wao. Upande wa pili ni juhudi isiyopumzika, kupambana kila siku kwa nguvu zote mwaka baada ya mwaka, na mwili ukailipia juhudi hiyo. Upande huu sioni kwa nini uishie Marekani. Mwangalie mama wa Mabokweni anayeamka saa tisa usiku kukanda maandazi, saa kumi na mbili yuko kituoni na ndoo yake, mchana anamuuguza mama mkwe, jioni anahesabu rejesho la kikoba. Kichwa kinamgonga, moyo unaenda mbio, usingizi hana. Anakwenda zahanati, anapimwa presha, anapewa Panadol na kuambiwa, "Mama, punguza mawazo." Anaitika, anakunja karatasi yake, anatoka. Ayapunguze vipi, hakuna aliyemwambia.

Kuna hoja inayotolewa mara nyingi, kwamba bibi zetu walivumilia wala hawakusema. Walisema! Wanawake wa Kidigo na wengine wa pwani hii walikuwa na ngoma za pepo. Mwanamke akizidiwa, pepo anapanda, anadai kwa sauti, anataka kanga mpya, anataka mume asikilize, na jamaa wanakusanyika siku nzima kwa ajili yake. Sitetei uganga, na najua dini zetu zinasemaje. Nasema tu kwamba yule bibi anayesifiwa kwa kunyamaza alikuwa na mahali panapokubalika pa kuvunjika. Ngoma tumeikataa, na mahali pengine hatujampa.

Hata hilo la "sote weusi" tulitazame vizuri. Mkorogo unauzwa kwa vikopo vidogo sokoni, na wanunuzi hawakosekani. Mtoto wa kike mweusi hapa anakua akisifiwa kwa kuombewa radhi: mweusi, lakini ana sura. Na pwani hii haikuwa ya watu sawa. Kule Lutindi, Korogwe, wamisionari wa Kijerumani walifungua mwaka 1896 kituo cha watoto waliookolewa utumwani. Mwaka 1904 kikageuzwa kuwa nyumba ya wagonjwa wa akili, nayo hospitali hiyo ingalipo. Mkoa ambao hospitali yake ya akili ilianza kama makao ya watoto wa utumwa hauko mbali na mambo haya kama unavyodhani.

Harare wamejaribu njia ambayo wakubwa wetu wasingeiona ngeni. Tangu 2006, chini ya daktari Dixon Chibanda, bibi waliopewa mafunzo wanakaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuzungumza na wenye mawazo. Majaribio yaliyochapishwa 2016 yalihusisha watu 573, na baada ya miezi sita waliokaa na bibi hao walikuwa na nafuu kubwa kuliko wenzao. Utaratibu huo umeshafika Zanzibar, ng'ambo tu ya maji yetu.

Tanga bibi tunao. Tuna na vikoba, na vingi vina mfuko wa jamii wa msiba, uzazi na kulazwa. Naunga mkono wanaotaka mfuko huo umtambue na mwanachama aliyelemewa: asimamishiwe rejesho mwezi mmoja, apewe nauli ya kwenda hospitali ya mkoa ya Bombo kuonana na mtaalamu. Wanaopinga wanauliza tutamjuaje mwongo. Mwenye presha hatumwiti mwongo, tunampeleka akapimwe, na huyu naye apelekwe.