Jicho la Frank McGee

Ukitaja Frank McGee, mchezaji wa zamani wa Ottawa, Kanada, wapenzi wa hoki ya barafu hukimbilia mabao 14. Siwalaumu. Tarehe 16 Januari 1905, katika mechi ya pili ya kugombea Kombe la Stanley, taji kuu la mchezo huo, kijana huyu wa miaka 22 aliifunga timu ya Dawson City mabao 14 peke yake, manane yakifuatana ndani ya dakika zisizotimia tisa. Mechi iliisha 23 kwa 2. Maskini wageni wale walikuwa wametoka Yukon, mbali kaskazini-magharibi mwa Kanada, kwa miguu, baiskeli, meli na treni!

Mimi kinachonigusa ni jicho lake. Mwaka 1900 aliumizwa mchezoni, jicho moja likapofuka. Akakaa pembeni, kisha akarudi. Kisahani kigumu cha mpira kinakuja kwa kasi juu ya barafu, magongo yanagongana, na upande mmoja ni giza tupu. Tena alikuwa mchezaji wa ridhaa. Riziki yake ilikuwa ukarani serikalini.

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka, akajiandikisha. Inasimuliwa kwamba daktari alimwambia afunike jicho moja asome herufi, naye akafunika lile bovu. Alipoambiwa afunike la pili, alibadilisha mkono tu. Jicho bovu likabaki limefunikwa vilevile. Watu husimulia kisa hiki huku wakicheka. Mimi siwezi. Kipimo kile kiliwekwa ili mtu kama yeye asifikishwe mahandakini. Na huyu hakuwa mgeni mjini: Kanada nzima ilimjua kama McGee wa Jicho Moja. Hata kama alidanganya, naona jeshi ndilo la kulaumiwa kwanza, maana lilikuwa na njaa ya watu.

Mwishoni mwa 1915 aliumia goti, akapelekwa Uingereza kutibiwa. Baadaye akapewa kazi ya ofisini Le Havre, bandari ya Ufaransa, mbali na risasi. Ndugu yake Charles alikwisha kuuawa Ufaransa. Nani angemlaumu kama angebaki pale? Akaikataa, akarudi kwa wenzake wa Batalioni ya 21.

Aliuawa tarehe 16 Septemba 1916 karibu na Courcelette, Ufaransa, kwenye mapigano ya Somme. Alikuwa na miaka 33. Mwili wake haukuonekana. Jina lake limechongwa kwenye mnara wa kumbukumbu wa Vimy, hukohuko Ufaransa, pamoja na Wakanada wengine zaidi ya 11,000 waliofia Ufaransa bila kaburi linalojulikana.