Sista, samahani, huyo ndo yule mdogo

Nilikuwa nesi mwenye mwaka wa pili tu kazini, wodi ya watoto wachanga, shifti ya usiku, na kwenye kitanda kimoja nina mapacha wa siku tatu, wote wawili wako kwenye ampicillin na gentamicin, dawa za kuua bakteria. Wa kwanza ana kilo 2.6, wa pili kilo 1.7. Kichanga wa wiki ya kwanza mwenye uzito wa kawaida gentamicin anapewa miligramu 5 kwa kila kilo mara moja kwa siku, aliyezaliwa na uzito pungufu anapewa miligramu 3, kwahiyo huyu mkubwa alitakiwa kupata 13 na mdogo wake 5 hivi. Ampuli tuliyokuwa nayo ni ile ya miligramu 80 kwenye mililita (mil) 2, dozi ya watu wazima hiyo, kwahiyo unaongeza maji ya sindano mpaka jumla ifike mil 8, hapo kila mil moja inakuwa na miligramu 10, unavuta 1.3 ya mkubwa na 0.5 ya mdogo. Nikavuta. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa. Sirinji zote mbili nikaziweka kwenye trei moja bila kuandika chochote, nikaenda kitandani.

Nikasoma plasta ya mkononi, "mtoto wa" na jina la mama, sawa. Lakini plasta zote mbili zimeandikwa hivyo hivyo maana vichanga wetu hawana majina bado, na ile namba 1 na namba 2 ilikuwa imeshafutika, alafu mama alikuwa ameshawabadilisha upande wakati ananyonyesha. Nimeshashika kaniula, kile kimrija cha kwenye mshipa cha kupitishia dawa, sirinji ya 1.3 mkononi, ndo mama akasema kwa sauti ya chini, "Sista, samahani, huyo ndo yule mdogo."

Dozi ile ingekuwa zaidi ya mara mbili ya ile aliyotakiwa, na gentamicin ikizidi inaumiza figo na masikio. Mtoto wa siku tatu akipoteza usikivu hawezi kukwambia, utakuja kugundua baadaye sana pale anapoitwa na hageuki.

Lakini kinachoniuma mpaka leo ni ile samahani. Kwanini mama aombe msamaha kwa kumuokoa mwanae? Kwa sababu sisi wenyewe tumewazoesha. Mama akiuliza ni dawa gani anajibiwa "we unajua dawa?", akisema mbona jana ilikuwa kidogo anaambiwa atulie. Yule mama anakaa na watoto wake saa 24, mimi nakuja na kuondoka na nina vichanga wengine kibao wa kuangalia, sasa nani anawajua zaidi? Mi naona mama aambiwe tangu siku ya kwanza, kwa maneno kabisa: mwanao anapewa dawa hii, kiasi hiki, saa hizi, ukiona tofauti nisimamishe. Hatokuwa msumbufu, atakuwa jicho la pili, na usiku ukiwa peke yako wodini huenda ndo jicho la pili pekee ulilonalo.

Na manesi wenyewe kwa wenyewe tuna shida hiyo hiyo. Ukimwambia mwenzako njoo unihakikie hii dozi anakuona hujui kazi, na wale wadogo wanaoanza wanaogopa kabisa kuuliza. Alafu hata tukihakiki tunahakiki vibaya, unamnyooshea mtu sirinji huku unasema "1.3 eti?", na yeye ana haraka zake, atasema ndio. Huo sio uhakiki. Mpe uzito wa mtoto na chati, akae pembeni apige hesabu yake mwenyewe toka mwanzo, alafu ndo mlinganishe majibu. Mkitofautiana hakuna kuchoma.

Kuna vitu vingine vidogo nimejifunza kwa uchungu. Ukijikuta unafungua ampuli ya pili kwa dozi moja ya kichanga, simama kwanza, kuna uwezekano mkubwa nukta imehama. Daktari akiandika .5 nukta haionekani, inasomeka 5, na akiandika 5.0 inasomeka 50, kwahiyo mrudishie aandike 0.5 au 5, hata kama atanuna. Na artesunate, dawa ya sindano ya malaria kali, wengi inawachanganya kwa sababu kichupa ni kile kile cha miligramu 60, ila ukichanganya kwa ajili ya mshipa inakuwa miligramu 10 kwa mil na ukichanganya kwa ajili ya msuli inakuwa 20, sasa umechanganya ya msuli alafu mwenzako anakuja kuvuta kwa kipimo cha mshipa, mtoto kapata mara mbili.

WHO, Shirika la Afya Duniani, mwaka 2025 waliiweka Siku ya Usalama wa Mgonjwa, Septemba 17, iwe ya vichanga na watoto, nilifurahi kweli. Ila wodini kwetu ninachokiomba ni kidogo sana. Mzani ambao betri zake hazijaisha, maana uzito wa kukadiria ndo mwanzo wa dozi ya kukadiria. Sirinji za mil 1 zisiishe, maana 0.5 huwezi kuipima vizuri kwenye sirinji ya mil 5. Na peni isiyofutika pamoja na plasta juu ya trei ya dawa, kila sirinji iandikwe jina la mama, namba ya pacha, dawa na kiasi kabla haijatoka mezani.

Usiku ule nilirudi mezani nikamwaga zote mbili nikaanza upya. Nilivyorudi na sirinji zilizoandikwa nilimuonyesha mama moja moja, hii ya mkubwa, hii ya mdogo, akasoma mwenyewe, ndo nikachoma.